Haki ya Panya Katika Maabara

Katika mdahalo wa muhula uliopita hapa shuleni kwetu Rebero ilitolewa hoja isemayo kwamba si haki wataalamu kutumia panya katika majaribio ya sayansi. Kura zilipohesabiwa hoja ilishindwa, watu wakapiga makofi, kisha kila mtu akaenda kula. Lakini mimi naona jambo lile halikumalizika. Waliounga mkono hoja walisema maneno ya huruma bila kueleza dawa zitapatikana wapi. Waliopinga walisema panya ni panya tu, mwizi wa maharage na mtoboaji wa magunia, na akifa nani atamlilia? Pande zote mbili zilizungumza kama kwamba pana majibu mawili tu: kumwacha panya kabisa, au kumfanya upendavyo.

Mimi nadhani liko jibu la tatu, nalo latuhusu sisi wenyewe. Panya hawauawi katika maabara za Ulaya na Marekani peke yake. Wanauawa pia katika chumba chetu cha Biolojia, pale nyuma ya ukumbi. Kwa hiyo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, nieleze kwanza kwa nini siwezi kuwafuata wale wanaotaka majaribio yakome, kisha kwa nini siwezi kuwafuata wale wa "panya ni panya tu", na mwisho nilete ombi langu.

Sidhani yumo miongoni mwetu ambaye hajapata kuugua malaria au kumwuguza ndugu yake. Basi tuanze na malaria. Zamani mtaalamu aliyetaka kujaribu dawa ya ugonjwa huu alikuwa na shida kubwa, kwa kuwa panya wa maabara hawaugui malaria ya binadamu. Ilimbidi atumie malaria ya ndege, yaani ya kuku, bata na chiriku, ambayo iko mbali na yetu. Mwaka 1948, huko Katanga, katika Kongo iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, mtaalamu Ignace Vincke na mwenzake Lips walieleza habari ya kijidudu kipya cha malaria walichokikuta katika damu ya panya wa porini, panya mdogo akaaye vichakani na kupanda miti. Wakakiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya profesa mmoja Mbelgiji, Louis van den Berghe. Kijidudu hicho hakimdhuru mtu, lakini ni ndugu wa vile vinavyotudhuru sisi. Damu yenye kijidudu ilipotiwa katika panya weupe wa maabara, wakaugua. Kutoka Katanga kikasambazwa katika maabara za dunia nzima.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1967, mjini New York, mama mmoja mtaalamu jina lake Ruth Nussenzweig na wenzake walichukua vijidudu hivyo kutoka katika mbu, wakavidhoofisha kwa miali ya eksirei, kisha wakawadunga panya. Baadaye panya wale walipotiwa vijidudu vyenye nguvu zote, wengi wao hawakuugua. Huo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba mwili waweza kufundishwa kuizuia malaria. Safari kutoka hapo ilikuwa ndefu sana, maana chanjo ya kwanza ilianza kutolewa kwa watoto wa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi mwaka 2021. Hata hivyo njia ilifunguliwa na panya.

Huko Uchina nako, Bi. Tu Youyou alikuwa akisoma vitabu vya tiba za kale na kujaribu majani na mizizi mingi. Dawa nyingi alizozitoa katika mimea hiyo hazikufaa. Mwaka 1971, dawa iliyoandikwa namba 191, iliyotolewa katika mmea wa jamii ya pakanga, ilipowekwa katika panya wenye malaria ile ile iliyotoka Katanga, vijidudu vilitoweka vyote katika damu yao. Baada ya panya ikajaribiwa kwa kima. Na kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, Bi. Tu na baadhi ya wenzake waliimeza wenyewe, mwaka 1972, waone kama ina madhara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa itokanayo na mmea ule, ikichanganywa na nyingine, ndiyo Rwanda ilianza kuitumia mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Kila mwenzetu aliyelala hospitalini kwa malaria akaamka mzima ana deni kwa panya asiyemjua.

Na msifikiri kwamba kazi imekwisha. Mwaka 2020 wataalamu, Wanyarwanda wakiwamo, walitangaza kwamba hapa nchini vimeonekana vijidudu vyenye mabadiliko yanayovisaidia kuvumilia dawa hiyo, hata Masaka, katika wilaya yetu hii ya Kicukiro. Dawa mpya zitahitajika. Je, zijaribiwe kwanza kwa nani? Asemaye kwamba panya asiguswe kabisa yampasa atuambie ni mtoto wa nani atakayetangulizwa.

Wala si malaria peke yake. Wengi wetu twakumbuka mwezi wa Septemba mwaka 2024, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa hapa Rwanda. Watu 66 waliugua na 15 wakafariki, na wengi wa walioshikwa walikuwa wauguzi na madaktari waliokuwa wakiwahudumia wengine. Mapema mwezi wa Oktoba chanjo ikaletwa Kigali, wahudumu wa afya wakaanza kuchanjwa. Chanjo ile ilikuwa bado ya majaribio, lakini haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa imekwisha wakinga kima waliotiwa ugonjwa ule, kisha ikapimwa usalama wake kwa watu wazima wachache waliojitolea Marekani. Kama wanyama wale wasingalitumiwa, wauguzi wetu wangalipewa nini mkononi? Tarehe 20 Desemba 2024 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha nchini. Mimi siwezi kufurahia habari hiyo na papo hapo kulaani njia iliyotufikisha.

Hayo nimewaambia wenzangu wenye huruma. Sasa nawageukia wale waliopiga makofi.

Watu wa pwani wana methali kongwe isemayo, "Mgala muue na haki yake mpe." Sisi wa nchi hii hatuwezi kuisema nusu ya kwanza ya methali hiyo juu ya binadamu yeyote, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa watu wanaopita kando ya makaburi ya Rebero. Lakini nikiichukua nikaiweka juu ya panya, naona imebeba maana ninayoitafuta. Ukilazimika kumwua, haki yake haifi pamoja naye. Swali ni je, panya ana haki gani?

Kwanza, panya si kipande cha mti. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya mmoja katika kichupa chembamba chenye mlango uwezao kufunguliwa kwa nje, wakamweka mwenzake huru kando yake. Yule aliye huru hakustarehe. Alihangaika siku kadha wa kadha mpaka akajua jinsi ya kuufungua mlango, akamtoa mwenzake. Hata palipowekwa chokoleti katika kichupa cha pili, panya wengi walimfungua mwenzao vile vile, na mara nyingi wakamwachia sehemu ya chokoleti. Mnyama anayesumbuliwa na shida ya mwenziwe, twawezaje kusema hana habari ya shida yake mwenyewe?

Pili, hapa karibu, Morogoro katika nchi ya Tanzania, liko shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 linafanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Humo panya buku wanafundishwa kunusa. Wako wanaonusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na panya mmoja aweza kupitia vikopo mia kwa muda wa dakika ishirini hivi. Wako pia wanaonusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kwa kuwa ni wepesi hawayalipui. Panya mmoja kati yao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa kufanya kazi Kambodia, na huko akagundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini, pamoja na mengine yaliyokuwa hayajalipuka. Mwaka 2020 chama kimoja cha Uingereza cha kutibu wanyama kilimpa nishani ya dhahabu, na mwanzo wa mwaka 2022 alikufa kwa uzee. Ujira wa panya wale ni ndizi na karanga. Basi mtu asiniambie kwamba akili ya panya yatosha kuiba maharage tu.

Pamoja na hayo, haki yao ni haba hata katika nchi zilizoendelea. Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda wanyama wa maabara mwaka 1966. Lakini mwaka 2002 ikaandikwa wazi ndani ya sheria hiyo kwamba panya wakubwa kwa wadogo waliozalishwa kwa ajili ya utafiti hawamo katika ulinzi wake. Fikirini jambo hilo. Katika maabara nyingi panya ndiye mnyama atumiwaye kuliko wote, na ndiye asiyeonekana katika hesabu za serikali. Nadhani sababu yake ni ile ile tuliyoisikia katika mdahalo wetu, kwamba panya ni panya tu.

Tena, mtu anayemtumia panya ovyo huiharibu sayansi yenyewe. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Panya walipewa kwa wingi wasidhurike, na wenye dawa wakaona hayo yatosha, wakaisifu kuwa salama, hata wanawake wajawazito wakaitumia. Dawa iliondolewa sokoni huko mwezi wa Novemba mwaka 1961, lakini yakadiriwa kwamba watoto elfu kumi na zaidi, katika nchi mbalimbali, walikuwa wamezaliwa na viungo vyenye kasoro, wengine bila mikono. Baadaye ilionekana kwamba sungura mwenye mimba akipewa dawa hiyo huzaa watoto wenye kasoro, lakini panya kwa kawaida hapatwi na jambo hilo. Panya walikuwa wamejibu swali waliloulizwa, nalo ni kama dawa ile huwaua. Swali juu ya mtoto aliyemo tumboni halikuulizwa inavyostahili. Kwa hiyo wingi wa panya waliotumiwa haukuwa kinga kwa mtu yeyote.

Linganisheni na jambo lililofanyika Oxford, Uingereza, tarehe 25 Mei 1940. Profesa Howard Florey aliwachukua panya wadogo wanane akawatia vijidudu vya kuua. Wanne akawapa penisilini na wanne hakuwapa kitu. Kulipokucha, waliopewa dawa walikuwa hai wote, na wasiopewa walikuwa wamekufa wote. Panya wanane tu! Lakini swali lilikuwa limefikiriwa vizuri kabla ya sindano ya kwanza kuchomwa, na jibu lake likaja kuokoa watu wasiohesabika.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichoweka mambo haya katika kanuni tatu, ambazo hadi leo ndizo zinazofuatwa na watafiti wengi wenye kujali. Ya kwanza, kama iko njia nyingine ya kupata jibu bila mnyama, itumike njia hiyo. Ya pili, kama hapana budi kumtumia mnyama, watumiwe wachache iwezekanavyo. Ya tatu, wale wanaotumiwa wapunguziwe maumivu na hofu kwa kila njia. Kanuni hizi hazikatazi utafiti, nazo haziruhusu ovyo. Zinamtaka mtu ajieleze.

Tena zimezaa matunda. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013 ni marufuku kuuza poda na rangi za midomo zilizojaribiwa kwa wanyama kwa ajili ya biashara hiyo, kwa maana uzuri wa mdomo si sababu ya kumtesa kiumbe. Na mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani iliondoa katika sheria yake sharti kwamba kila dawa mpya lazima ipitie kwanza kwa wanyama. Sasa mtafiti akiwa na njia nyingine ya kuaminika, kama vile chembe hai zilizooteshwa katika maabara au hesabu za kompyuta, aweza kuileta.

Basi, ndugu zangu, tukiishika mizani hii ya kanuni tatu, tuipeleke katika chumba chetu wenyewe cha Biolojia tuone uzito wetu.

Mwaka jana darasa letu lilipasua panya. Tulikuwa wanafunzi 28, na panya walikuwa 14, yaani mmoja kwa kila watu wawili. Walikamatwa ghalani siku ya Jumatatu, wakatiwa wote katika ndoo moja yenye kifuniko kilichotobolewa, wakangoja humo mpaka Alhamisi. Hawakuwekewa maji. Ilipofika Alhamisi wawili walikuwa wamekwisha kufa, na wengine wameumana. Dawa ya usingizi ilikuwa kidogo. Panya mmoja, aliyekwisha bandikwa juu ya ubao kwa pini, alianza kutikisa miguu. Wengine wakacheka, wengine wakatoka nje. Kengele ilipolia, nusu ya meza zilikuwa hazijafika kwenye figo. Panya wote wakafagiliwa wakatupwa shimoni. Siku ya pili mwalimu alituchorea figo ubaoni, ndipo tukaielewa.

Simlaumu mwalimu wetu. Ni mtu mwema, na siku ile alikuwa peke yake kati ya vijana 28 wenye visu. Nalaumu desturi. Maana nikiuliza panya wale 14 walijibu swali gani, naona hawakujibu swali hata moja. Mahali lilipo ini, idadi ya vyumba vya moyo, urefu wa utumbo, yote hayo yalikuwa katika kitabu chetu, na picha yake kubwa ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya vichwa vyetu. Panya wanane wa Florey walijibu swali ambalo hapakuwa na mtu duniani aliyelijua jibu lake. Wetu 14 walikufa kwa jibu lililokuwa ukutani. Kwa hiyo nasema hivi: aliyeshangilia katika mdahalo kwamba sayansi inamhitaji panya alisema kweli, lakini asijifunike kwa kweli hiyo. Yale tuliyoyafanya siku ya Alhamisi hayakuwa sayansi.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema, "Sisi twataka kuwa madaktari. Daktari ambaye hajashika kisu atafaa nini?" Neno hili ni la maana, nami sitaki tusome kwa macho tu. Lakini mikono yaweza kufundishwa kwa nyama ambayo haikuuawa kwa ajili yetu. Kila siku mjini Kigali mbuzi na ng'ombe wanachinjwa kwa chakula. Moyo wa mbuzi, figo, mapafu na jicho la ng'ombe vyapatikana kwa wenye bucha kwa bei ndogo, na ni vikubwa kuliko vya panya, hata aliyekaa nyuma aviona. Tena mwenye kujifunza kwa moyo wa mbuzi hana haja ya kufanya haraka, wala hatetemeki kwa hofu kwamba mnyama ataamka.

Wa pili atasema, "Panya wale wangekufa kwa mtego hata hivyo." Kweli, wala siwaombei panya wa ghalani waishi. Wanakula chakula chetu na kuleta maradhi. Mwaka 2022 mkoani Lindi, Tanzania, watu waliugua na kufa kwa homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Lakini mtego mzuri huua mara moja, na ndoo ya siku nne si mtego. Tena kwa sababu hiyo hiyo ya maradhi, haifai kabisa wanafunzi kushika panya wa ghalani kwa mikono mitupu, kama tulivyofanya.

Wa tatu atanong'ona kwamba haya ni mambo ya wazungu wenye shibe, na kwamba nchi maskini haina nafasi ya kumhurumia panya. Huyu namjibu kwamba kanuni tatu nilizozitaja ni kanuni za mtu mwenye kuweka akiba. Mwenye vichache ndiye apaswaye zaidi kuuliza kabla ya kutumia. Na mafundisho ya dini tunayopewa hapa kila siku yamemweka mwanadamu kuwa msimamizi wa viumbe. Msimamizi huulizwa hesabu, awe tajiri au maskini.

Kwa hiyo naleta ombi langu mbele ya Mkuu wa shule na walimu wetu wa sayansi, kabla darasa la mwaka wa tano halijafikia somo hilo muhula ujao.

Kwanza, watumike panya wawili tu kwa darasa zima badala ya 14. Mwalimu apasue, nasi tuzunguke meza kwa zamu, watu saba saba, kila mmoja aone kwa utulivu na kuchora anachokiona.

Pili, wapatikane kwa watu wanaowafuga, wasiwe wa ghalani. Wakae katika sanduku lenye nyasi, maji na chakula, wala wasilale humo zaidi ya usiku mmoja. Auaye awe mtu ajuaye kuua upesi, na kisu kisiguswe mpaka mwalimu amehakikisha kwamba mnyama amekufa.

Tatu, viungo vyao vihifadhiwe katika chupa za dawa, viandikwe majina, viwekwe kabatini, ili madarasa yajayo yavitumie kwa miaka mingi. Mazoezi ya mikono yafanywe kwa viungo vya bucha.

Nne, pawe na daftari katika chumba cha Biolojia. Kila mnyama atakayetumiwa aandikwe humo: tarehe, idadi, alivyouawa, na swali alilotumiwa kulijibu. Safu hii ya mwisho ndiyo naitaka kuliko zote. Kama hatuna neno la kuandika hapo, basi hatuna sababu ya kumwua.

Huenda mtu akaona ni jambo dogo kuandika kurasa hizi zote kwa ajili ya panya kumi na wawili watakaosalimika kila mwaka. Lakini sisi tulio katika chumba kile ndio tutakaokuwa wauguzi, madaktari na watafiti wa nchi hii. Atakayetafuta dawa mpya ya malaria iliyoonekana Masaka huenda ameketi sasa hivi katika darasa la mwaka wa tano. Siku moja atakuwa na mamia ya panya chini ya mkono wake, na hapo hapatakuwa na mwalimu wa kumtazama. Jinsi alivyozoezwa hapa ndivyo atakavyowatumia kule, na pengine ndivyo atakavyowatazama hata wagonjwa wake, ambao nao hawataweza kumwambia aache.

Nanyi kaka zetu mliokwisha maliza masomo hapa, mlio katika hospitali, vyuo na maabara za Kigali na Huye na kwingineko, nawaombeni msaada wa namna mbili. Mkiwa na chupa, picha au mifano ya viungo isiyotumika tena mahali penu pa kazi, na mkiruhusiwa kuitoa, itumeni shuleni. Kisha mtuandikie katika gazeti hili mtueleze jinsi mnavyofanya ninyi wenyewe: mnauliza nini kabla ya kumtumia mnyama, na ni nani anayewauliza ninyi. Mdahalo wetu ulikosa sauti zenu.

Kwa wale watakaokuwa mezani muhula ujao, neno langu ni moja. Mwalimu akiwaambia panya wameletwa, mwulizeni kwa adabu, "Mwalimu, swali letu ni lipi leo?" Swali liandikwe kwanza, ndipo panya atolewe sandukuni.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita,
Rebero, Kigali